Ukizikwa Nakuru, Nani Atafagia?

Gari la Ugunja lilijaa polepole pale steji kubwa ya Kisumu, jua limeshapanda, omena zikinukia chini ya viti. Nilitoka Nakuru nikielekea Ugenya, nyumbani kwa wazazi wa rafiki yangu. Lakini nakiri nilikuwa na sababu nyingine: Ugenya ndiko kwao mwanafalsafa Henry Odera Oruka.

Oruka alizaliwa 1944. Alisomea Uppsala kule Uswidi, kisha Detroit, Marekani, akarudi kufundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi. Enzi hizo walikuwepo wasomi, Waafrika kwa wageni, walioshikilia kwamba pasipo maandishi hapana falsafa. Yeye akaenda vijijini na kinasa sauti. Akawauliza wazee kuhusu Mungu, haki, usawa, kifo. Na kila alipojibiwa aliuliza tena, kwa nini? Mzee anayejua mila na kuisimulia vizuri alimheshimu, ila aliyekuwa akimtafuta hasa ni yule anayeijua mila kisha akathubutu kuipima. Mmoja wao alikuwa Paul Mbuya Akoko. Huyu hakukubali ile sifa tamu kwamba Waluo wa kale waligawana mali kwa ukarimu tu. Jambo lenyewe, alieleza, lilikuwa kwamba mwenye ng'ombe aone na mwenzake naye anapaswa kuwa na ng'ombe. Mazungumzo hayo yakachapishwa kitabuni mwaka 1990.

Maseno tukaruka kibao cha ikweta bila dereva kupunguza mwendo. Luanda ndizi zikaingia kupitia madirishani. Baada ya Yala, mama mmoja aliyekuwa akienda kwenye mazishi akaanza kulalamikia gharama ya kusafirisha maiti kutoka Nairobi, na gari zima likageuka baraza. Haikuchukua muda kabla mtu hajataja kesi ya SM.

Huku kwetu huhitaji kueleza zaidi ya hapo, lakini kwa walio mbali: wakili Silvano Melea Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukataka azikwe kwao Nyalgunga, Alego. Mwili ulikaa mochari miezi mitano mahakama zikiamua, hadi akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Oruka mwenyewe alipanda kizimbani kama shahidi mtaalamu wa mila za Waluo. Hapo ndipo ninapomtilia shaka kidogo. Mtu aliyetafuta wazee wa kuhoji mila, mahakamani aliitwa kuieleza. Labda mahakama haina nafasi ya swali la pili. Inataka jibu moja, liandikwe, hakimu aende nyumbani.

Ugunja nikachukua boda. Jaduong', yaani mzee wa heshima kwa Kiluo, baba wa rafiki yangu, alinipokea kivulini, chai ikaja na nyoyo, mahindi na maharage ya kuchemsha, tukasalimiana mpaka salamu zikaisha. Nikamuuliza swali la garini: kwa nini lazima mtu arudishwe nyumbani?

"Kijana wangu, ukizikwa Nakuru, nani atafagia? Plot ya mjini itauzwa. Hapa kaburi ni shahidi. Jirani akisogeza mpaka, tunamwonyesha babu amelala wapi."

Kwa nini basi tusitegemee hati ya shamba? Akacheka. Hati huweza kuandikwa upya ofisini, akasema, lakini hakuna aliyewahi kuhamisha kaburi usiku. Kisha, bila kusukumwa, akajipinga mwenyewe. Bintiye amejenga Nakuru, na wajukuu hawajui njia ya kuja huku. "Huyo nimeshawaambia wamzike hukohuko. Shahidi asiyejulikana na mtu atashuhudia nini?"

Nilitaka kuruka kwa furaha. Sababu ileile iliyoilinda mila ndiyo aliyoitumia kuilegeza. Ndugu yake, aliyekuwa kimya muda wote, akakataa katakata: wakianza na binti mmoja, kesho boma litakuwa na nyumba tupu na makaburi ya wazee peke yake. Wakabishana vizuri, kwa Kiluo kikali, wakinirudishia Kiswahili kila waliponikumbuka. Ukoo ungekaa Jumamosi kulizungumza.

Mkaza mwana wa Jaduong', mzaliwa wa Bunyore ng'ambo ya Luanda, alikuwa akichambua mboga karibu na jikoni. Nilidhani hasikii.

"Baba," akasema, "mimi mlinitoa kwetu mkanileta hapa. Kaburi langu litashuhudia mpaka wa nani?"

Wazee wakatazamana. Jaduong' alikunywa chai yake yote kwanza.

"Hilo lilete Jumamosi, mbele ya ukoo."

"Nitalileta, Baba. Na mniwekee kiti, sitasema nikiwa nimesimama mlangoni."