Kumbukumbu ya mradi wangu: kiyoyozi cha gari kinachotoa hewa ya moto

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba

Hapa Tabora, katika wiki hizi za kungojea mvua, mtu akifunga vioo vya gari lisilo na ubaridi huloa jasho, na akivifungua hula vumbi. Mama yangu husafiri nami kutoka Urambo kila mwezi kuja kliniki mjini, na safari iliyopita alishuka garini akiwa amechoka kuliko nilivyowahi kumwona. Mwaka huu nimelipa mara mbili kujaziwa gesi, na mara zote mbili ubaridi ulidumu wiki chache tu. Kwa hiyo nimeamua kulishughulikia jambo hili mwenyewe, polepole, nikiandika kila kipimo.

Leo nimeanza na yale yasiyohitaji vifaa. Feni ya ndani inapuliza kwa nguvu, mkanda haujalegea na fyuzi ni nzima. Puli ya kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, inazunguka, lakini klachi inayoiunganisha puli hiyo na kompresa haishiki hata nikibonyeza swichi ya AC mara kadhaa. Nimeosha kondensa, ile kama rejeta inayopoza gesi, kwa maji yasiyo na presha kubwa, maana mapezi yake hupinda kwa urahisi, na zimetoka mbegu za nyasi pamoja na vumbi jekundu jingi. Hewa bado ni ya moto.

Jumapili

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa majokofu kwa miaka mingi, amekubali kuja na geji zake. Kivulini palikuwa na nyuzi joto 30. Katika joto hilo, mfumo wa R134a, gesi ya kiyoyozi cha gari hili, ambao bado una gesi iliyo katika hali ya kimiminika husoma karibu paundi 97 kwa inchi ya mraba gari likiwa limezimwa. Wetu ulisoma 25 pande zote mbili, wa presha ndogo na wa presha kubwa. Presha ikishuka kiasi hicho, swichi ya presha huizuia klachi isishike, kwa sababu mafuta ya kompresa husafirishwa na gesi yenyewe, na kompresa ikizunguka bila mafuta huungua. Kompresa niliyokuwa nikiidhania kuwa imekufa ilikuwa inalindwa.

“Mwanangu,” aliniambia mzee, “gesi hii hailiwi kama petroli. Ikipungua, imetokea mahali. Tupatafute kwanza.”

Hapo ndipo nilipoelewa kosa la mara zote mbili: walijaza bila kutafuta tundu. Mzee aliivuta gesi iliyobaki kwenye mtungi wake, kwani hakubali kuiachia hewani, kisha akaingiza naitrojeni hadi paundi 150. Hatumii hewa ya pampu ya matairi, kwa kuwa huingiza unyevu. Nilipaka povu la sabuni kila kiungo, nikianza na kile kilichokuwa na doa la mafuta lililoganda vumbi, pale bomba jembamba linapoingia kwenye kondensa. Vipovu vidogo vilianza kuchomoza humo, kimoja baada ya kingine, bila kukoma. Tulirudia mara tatu ili tuwe na hakika, na viungo vingine vyote vilikuwa salama.

Alhamisi

Pete ya mpira ya kiungo hicho ilikuwa imebapa na kukauka hadi ikakatika kwa kucha. Nimenunua zile za kijani zinazotengenezwa kwa ajili ya gesi hii. Za mabomba ya maji zisijaribiwe, hata zikienea. Nimeipaka mafuta ya kompresa kabla ya kuivisha. Kichujio kinachonyonya unyevu kimefika kwa basi kutoka Mwanza, nami nimekiacha kimezibwa hadi dakika ya mwisho, maana kikikaa wazi hushiba unyevu wa hewa kabla hakijaanza kazi.

Jumamosi ya pili

Siku ndefu. Tuliunganisha pampu ya kuvuta ombwe, na mshale ukasimama kwenye inchi 26 za zebaki badala ya 29 na ushei zinazotajwa kwenye maelekezo. Nilifadhaika, nikidhani kuna tundu jingine. Mzee akanikumbusha kwamba Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na geji hupima tofauti kati ya ndani na hewa ya nje, ambayo huku kwetu ni nyepesi kuliko ya pwani. Kwa hapa, 26 ndio mwisho wake. Pampu ilifanya kazi dakika 45, ili maji yaliyomo yachemke bila moto na kuvutwa nje, kisha tukafunga vali na kungoja nusu saa. Mshale haukutikisika, na sikumbuki lini niliwahi kuutazama mshale kwa shauku kiasi hicho.

Tulijaza kwa mizani, gramu 450 kama kibandiko cha chini ya boneti kinavyoagiza, mtungi ukiwa wima ili iingie mvuke tu kwa upande wa presha ndogo. Klachi ilishika. Kwa nyuzi 31 nje, upande mdogo ulisoma paundi 38 na mkubwa 225. Kipimajoto nilichokichomeka kwenye tundu la hewa la katikati kilishuka kutoka 30 hadi 9.

Wiki ya tatu

Sikuridhika kupima presha ya gari lililozimwa, kwa kuwa kipimo hicho hakisemi gesi imebaki kiasi gani mradi kimiminika kingalipo. Nimepaka povu tena, na kiungo ni kikavu. Jana nimemleta Mama kutoka Urambo saa saba mchana, vioo vimefungwa, kipimajoto kikisoma 10, naye akaniomba nipunguze ubaridi kidogo kwa sababu hakubeba khanga ya kujifunika.

Kimebaki chujio cha hewa ya ndani, ambacho nitakibadilisha Jumamosi.