Eka tatu za babu

Niliondoka Unguja muda mfupi baada ya sensa ya 2002. Zanzibar nzima, pamoja na Pemba, ilikuwa na watu 984,625. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Nikiwa Maskati namba hizo zilinipita tu. Juzi nimeshuka daladala Fuoni, nikawa naulizia njia ya kwetu.

Babu alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964, kama maelfu ya wenzake. Ardhi ile ilikuwa ya serikali, si ya kuuza. Lakini babu aliacha watoto saba, nao wakazaa, na kila mtu anataka pa kuweka ubavu. Ami alinizungusha: hapa pa shangazi, pale pameuzwa, kule nyumba ya aliyeko Dubai. Mihogo imebaki kamstari ukutani.

Wengi husema dawa ni kupanga uzazi. Sipingi, kupishanisha watoto ni afya ya mama kwanza. Ila waliokwisha kuzaliwa watataka nyumba vilevile, na hapo ndipo ninapogombana na watu. Udongo wa kina Unguja uko zaidi magharibi. Mashariki na kusini sehemu kubwa ni uwanda, mawe matupu. Mji nao unapanukia huku huku kwenye udongo, tena kwa nyumba za chini, kila moja na ukuta wake na uwanja uliosakafiwa hadi getini. (Fedha nyingi za kuta hizo zinatoka kwetu tulio nje, tusijifiche.)

Mvua ikinyesha juu ya zege inakimbilia barabarani. Na maji yetu ya visima ni mvua hiyohiyo iliyozama ardhini, ikakaa juu ya maji ya bahari. Ukivuta kuliko inavyozama, chumvi inapanda. Chai ya kwa ami siku hizi ina ladha yake, na kila nyumba jirani ina pampu.

Mzee Karume aliwapandisha watu juu kwenye majumba ya ghorofa pale Michenzani, mjini. Nimewaambia ndugu zangu tuunganishe viwanja vitatu vilivyobaki, tujenge nyumba moja ya ghorofa, sehemu itakayobaki ilimwe.

"Na magoti haya nitapanda ngazi?" ami akauliza.

"Wewe utakaa chini, ami."

"Na kuku wangu?"

Tumeahirisha kikao hadi baada ya Idi.