Noti ya Peso 3

Dola 5 zilinitoka Santa Clara, Cuba, kwa noti moja ya peso 3. Muuzaji aliinyoosha juani, uso wa Che Guevara, mpiganaji wa mapinduzi ya Cuba, ukanitazama, nami nikalipa bila hata kuomba apunguze. Jioni mama mwenye nyumba niliyopanga alipoiona alishika kichwa: peso 3 hainunui hata pipi. Iliniuma, maana basi kutoka Havana lilikuwa limeshakausha mfuko wangu, na usiku ule umeme ulikatika nikalala natokwa jasho.

Lakini mimi ni mtu wa Kigoma. Aprili 1965 Che alivuka Ziwa Tanganyika akitokea kwetu, kwenda kupigana Kongo. Jina lake la vita lilikuwa Tatu, na alitambulishwa kama daktari na mkalimani. Udaktari haukuwa uongo, aliusomea. Noti yenye uso wake na tarakimu 3 ningeiachaje?

Kaburini kwake, hapo Santa Clara, hawaruhusu kamera. Mabaki yake yaliletwa hapo 1997, miaka 30 baada ya kuuawa Bolivia. Ndani mna ubaridi na mwenge mdogo, nami nilisimama nikimfikiria Aleida, binti yake.

Kabla ya kwenda Bolivia, Che aliaga wanawe akiwa amejigeuza mzee, akijiita Ramón, rafiki wa baba yao. Aleida, hajafika hata miaka 6, akaanguka akagonga kichwa. "Mzee" akambeba, akampima kama daktari, kwa upole uliomfanya mtoto amwambie mama yake kwamba mgeni huyu anampenda. Hakujua ni baba. Amelisimulia mwenyewe mara nyingi.

Leo ni daktari wa watoto, bingwa wa mzio. Ametibu Havana, katika hospitali ya William Soler, na ametibu Angola na Nicaragua. Baba yake aliteswa na pumu tangu utotoni. Mimi nami natibu watoto, na pale mbele ya mwenge niliwaona wa kwetu, wale wanaoletwa mgongoni kutoka vijiji vya ziwani, kifua kikipiga filimbi, mama ametembea tangu alfajiri. Nilitamani kurudi kazini siku hiyohiyo.

Noti nimeibandika kwenye kabati la dawa. Juzi mtoto mmoja, pumzi imeshamtulia, aliinyooshea kidole akasoma tarakimu kwa sauti: "Tatu!"

Nikamwambia, ndiye huyo.