Nilivyomzoesha Popi kubaki nyumbani peke yake

Mtu akiniuliza mbwa anaweza kuachwa nyumbani peke yake kwa muda gani, mimi humrudishia swali: ukishafunga mlango, anaanza kulia baada ya dakika ngapi? Wengi hawajui. Wanajua tu kwamba wakirudi jioni wanakuta mto umetolewa matumbo na majirani wamenuna.

Tunakaa Pangani, Nairobi, ghorofa ya tatu, kwenye ploti ambayo uwanja wake wote ni pale chini watu wanapoanika nguo. Mimi nauza spea za magari Kirinyaga Road. Mke wangu ni muuguzi, kazi yake ni ya zamu. Popi ni mbwa wa kienyeji, jike, tulimchukua KSPCA, shirika la kutunza wanyama, kule Karen akiwa ameshakomaa, amechanjwa na kufungwa kizazi. Mwanzoni hakutusumbua hata kidogo, kwa sababu binamu yangu alikuwa anakaa nasi akisoma chuo, na wanafunzi wa chuo mnawajua, hushinda nyumbani. Binamu alipopata kazi Eldoret, Popi akabaki na kuta.

Habari nilizipata kwa jirani wa ghorofa ya pili, mama mmoja mzee wa Mombasa ambaye ploti nzima tunamwita Bibi. Jioni moja alinisubiri kwenye ngazi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu niambie, huko juu kuna mtu amefariki?"

"Hapana, Bibi. Kuna nini?"

"Basi huyo mbwa anamlilia nani tangu asubuhi? Mbwa halii vile bure. Mie leo hata chakula hakikunipita."

Sikubishana naye. Hata kwetu Kakamega mbwa akilia kwa ule mlio mrefu, wazee huanza kuulizana nani mgonjwa. Nilimwomba radhi, nikamwahidi nitatafuta njia, nikapanda juu nikiwa sina njia yoyote.

Kazini ushauri haukukosekana. Mmoja alisema nimchape nikirudi. Lakini mbwa hawezi kuunganisha kichapo cha saa kumi na mbili jioni na kelele za saa mbili asubuhi. Atakachojifunza ni kuogopa kurudi kwako, juu ya kuogopa kuondoka kwako. Mwingine akasema nimfungie bafuni. Mbwa aliyeshikwa na hofu ukimbana mahali padogo hukwaruza mlango mpaka kucha zitoke damu. Wa tatu, tena huyu alisema kwa upole kabisa, akanishauri nimpe dawa ya mafua ya watoto ili alale. Hapo nilikataa papo hapo. Dawa za watu si za mbwa. Hizi za maumivu tunazonunua dukani bila cheti, ibuprofen kwa mfano, zinaweza kumharibu mbwa figo na hata kumuua. Na yule aliyesema niongeze mbwa wa pili, namheshimu, lakini Popi alikuwa anawalilia watu. Ningeishia na mbwa wawili wanaolia ghorofa ya tatu.

Kilichonifungua macho ni simu kuukuu. Nilikuwa na moja yenye kioo kilichopasuka, nikaiweka juu ya friji ikirekodi sauti, nikaenda kazini. Usiku mimi na mke wangu tukakaa tukasikiliza. Kwanza mlio wa kufuli, kisha viatu vyangu vikishuka ngazi. Kimya kidogo. Halafu kucha kwenye mlango wa chuma, kra, kra, kra, halafu kile kilio ambacho Bibi alikuwa anakisema, na kusema kweli kilituumiza. Lakini nusu saa haikupita akawa amenyamaza. Tukasikia akinywa maji, akijibwaga kwenye godoro lake, akishusha pumzi. Kimya kirefu. Ndipo katikati ya asubuhi akapita yule muuzaji na kipaza sauti chake, dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, na Popi akaanza upya. Akatulia tena. Mchana karibu wote alilala.

Hapo nikaelewa. Mbwa mkubwa hulala saa 12 hadi 14 kwa siku, kwa hiyo kukaa ndani kwenyewe si adhabu. Shida ya Popi ilikuwa ile nusu saa ya kwanza na zile kelele za njiani. Mambo mawili yanayoweza kushughulikiwa.

Kabla ya kuanza lolote tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, kwa sababu kulia na kukojoa ndani kunaweza kuwa ugonjwa tu: maambukizi ya njia ya mkojo, minyoo, au homa ya kupe, ambayo Nairobi haiishi. Alikuwa mzima. Tuliondoka na chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwaka ule na kadi yenye muhuri, na hiyo kadi ilikuja kunisaidia baadaye kwa njia ambayo sikuitegemea. Daktari alituambia kwamba hofu ya kuachwa huondolewa kwa mazoezi madogo madogo, na kwamba muda wote wa mazoezi mbwa asiachwe peke yake kupita pale anapoweza kuvumilia. Sehemu hiyo ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo watu wengi huiruka.

Tulipangaje? Mke wangu akiwa zamu ya usiku, mchana yuko nyumbani amelala, kwa hiyo Popi ana mtu. Akiwa zamu ya mchana, nilikuwa nampeleka Popi kwa dada yangu Buruburu asubuhi, na kumpitia jioni. Matatu hawataki mbwa, na siwalaumu. Nilikuwa na kijana mmoja wa teksi tuliyeelewana, mradi nitandike shuka kwenye kiti. Zilikuwa wiki za gharama, sitaki kumdanganya mtu.

Mazoezi yenyewe yalianza bila hata kutoka. Popi alikuwa amesoma dalili zetu zote. Nikishika funguo, masikio chini. Nikivaa viatu vya kazi, anaanza kuhema na kunifuata chumba hadi chumba. Basi nikawa nashika funguo halafu nakaa kutazama taarifa ya habari. Navaa viatu, naenda jikoni kupika ugali. Nabeba begi mgongoni, naosha vyombo nalo, mke wangu akicheka mpaka machozi. Nia ni kwamba funguo zipoteze maana. Zilipopoteza, tukahamia mlangoni: nafungua, nafunga, sitoki. Natoka, sekunde chache, narudi. Kisha nikawa nashuka ngazi hadi kwa Bibi na kupanda. Kisha hadi kwa mama mboga kununua nyanya. Kanuni ilikuwa moja tu, nirudi kabla hajaanza kulia. Akilia nikiwa nje, ina maana niliruka ngazi, kwa hiyo kesho yake napunguza muda. Na muda haukuwa unapanda tu. Dakika kumi, halafu mbili, halafu saba, ili asije akajua kwamba kila mara huwa mbaya zaidi kuliko ya jana.

Chakula kilinisaidia, lakini zaidi kama kipimo. Mbwa mwenye hofu hali chakula. Nikirudi na kukuta alichoachiwa hakijaguswa, najua alikuwa ameumia hata kama majirani hawakusikia kitu. Kuna vitu viwili vya kumshughulisha ambavyo hadi leo natumia. Cha kwanza ni trei ya mayai, ile ya karatasi. Nachukua omena, yaani dagaa, zilizochemshwa na kuoshwa mchanga, nazitia kwenye mashimo, nafunika kwa trei nyingine na kuvipachika. Popi huichana chana yote akitafuta omena, na mimi jioni nafagia. Ni bei ndogo. Cha pili ni sufuria kuukuu yenye ugali laini uliochanganywa na supu ya mifupa, nikaugandisha kwenye friza usiku. Huulamba taratibu, na ile nusu saa yake mbaya inaishia humo. Supu hiyo haina chumvi wala kitunguu, maana vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia haiachwi, huvunjika vipande vyenye ncha.

Matembezi ya alfajiri nitayataja kwa kifupi. Tunatoka kabla barabara haijachangamka, na simkimbizi, namwacha anuse. Kila tairi la gari lililolala nje lina habari zake, na kunusa kunamchosha kuliko kukimbia. Jumapili tukiwa na nafasi tunaenda msitu wa Karura, ambako mbwa wanaruhusiwa mradi wawe kwenye kamba.

Kelele za nje nilizipunguza kwa pazia zito upande wa barabara na redio ya Kiswahili yenye watu wanaoongea. Muziki haukuwa na faida kwake, ila mabishano ya siasa anayalalia vizuri sana. Nikamzoesha pia yule wa dawa ya panya: nilimrekodi akipita, nikawa nacheza sauti yake chini kabisa huku nampa Popi kipande cha nyama, nikiongeza sauti polepole. Siku hizi kipaza sauti kikipita, Popi huja kunitazama mikono.

Kuhusu majirani. Bibi ni Mwislamu, na familia kadhaa kwenye ploti ni Waislamu pia. Mate ya mbwa kwao ni najisi, wakiguswa lazima waoshe kabla ya kuswali. Hilo halihitaji mjadala. Popi akipita kwenye ngazi kamba inakuwa fupi, upande wa ukutani, na tukikutana na mtu sisi ndio tunaorudi nyuma. Akidondosha kitu, napiga deki mwenyewe. Siku niliyompelekea Bibi ile kadi ya chanjo avae miwani na kusoma tarehe, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Afadhali. Maana hata wajukuu wangu hapa hawana kadi nzuri hivi." Tangu hapo amekuwa mwangalizi wangu. Nikiwa kazini napata ujumbe: "Leo kimya." Au: "Amebweka kidogo, posta alikuja."

Siku moja ilinirudisha nyuma sana, tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Maduka ya mjini yalifungwa mapema, nikatembea hadi nyumbani huku milio ya vitoa machozi ikisikika nyuma yangu. Popi nilimkuta nyuma ya pipa la maji bafuni, anatetemeka, trei ya mayai iko mlangoni haijaguswa hata omena moja. Kwa muda baada ya hapo hakuweza kuvumilia hata safari ya kwa mama mboga. Tukaanza tena tangu funguo na taarifa ya habari, ingawa mara ya pili alipanda haraka zaidi. Kwa sababu hiyo usiku wa Diwali, fataki za Ngara na Parklands zinapoanza, mmoja wetu huwa ndani, na usiku wa Mwaka Mpya vilevile. Mbwa wengi hupotea usiku kama huo, wakiruka ukuta kwa hofu.

Kwa sasa Popi anakaa asubuhi yote bila neno. Hatumwachi siku nzima mfululizo, kwa sababu hata mbwa mtulivu ana kibofu. Siku ambazo mama fua yuko kwetu, humshusha saa saba mchana kwa shilingi 200 za ziada. Alianza akimwogopa, akimshika kamba kwa ncha za vidole; siku hizi nasikia anamsimulia habari za wanawe. Siku nyingine napanda bodaboda wakati wa chakula cha mchana, namshusha, nakula kwa kusimama, narudi dukani. Maji yake yako kwenye karai zito lisilopinduka, na huwa nalijaza hata wiki ambayo mabomba yamekauka na sisi tunaoga kwa kikombe.

Krismasi ndiyo hatujaimaliza. Kakamega ni mbali, na basi halibebi mbwa. Dada yangu akibaki Nairobi, Popi huenda Buruburu na godoro lake, na kwa kuwa amepazoea hana shida. Dada akisafiri, mmoja wetu hubaki. Mwaka uliopita zamu ilimwangukia mke wangu, nami nikaenda peke yangu na unga wa chapati na sukari ya watu wote. Mama alipouliza mkwe wake yuko wapi, nikamwambia amebaki na zamu, jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa, ila sikutaja zamu ya nani.