Rundo la mboji la ploti: limeshika nyuzi 61!!

Wasee wa mboji, limeshika. Asubuhi ya leo nimeingiza kipimajoto katikati ya rundo letu hapa Kariobangi South kikapanda mpaka 61, nikakitoa nikakidunga upande ule wa ukuta, 58. Ukifunua gunia mvuke unakupiga usoni na ule uvundo wa mayai viza haupo tena, inanuka udongo tu. Nimefurahi vibaya sana.

Mliofuata hii kazi mnajua shida ilikuwa wapi. Kutenganisha taka haikuwa noma, mama mmoja wa ghorofa ya pili alianza, akaambia jirani yake, ikapanda ngazi hivyo hivyo mpaka karibu kila mlango uko na kandoo ka maganda kando. Shida ilikuwa rundo lenyewe, limelala tu pale baridi kama maiti, maji meusi yanachuruzika chini, inzi juu, na watu wakipita wanaziba pua. Taka ya ploti ya Nairobi mnajua venye iko, maganda ya tikiti, ugali uliolala, majani ya chai, vikonyo vya sukuma, mchuzi umemwagwa na mifupa yake. Maji matupu. Kila mahali wanakuambia kaboni, ile ya vitu vikavu, iwe 25 mpaka 30 kwa naitrojeni 1, ile ya maganda mabichi, sawa nimeskia, sasa majani makavu hapa nitaokota wapi na mti ulio karibu uko ndani ya ua wa wenyewe?

Nikaenda kwa fundi wa mbao akanipa vumbi la mbao magunia. Linafyonza maji vizuri, hapo silipingi, lakini likilowa linashikana, hewa haipiti, katikati kunaoza kimya kimya bila hewa na uvundo unarudi mbaya kuliko kwanza. Nikageuza, joto likapanda kidogo, likashuka. Nikageuza tena, likapanda kidogo, likashuka. Mgongo umeuma mpaka nikaichukia hiyo kona kabisa, nikipita naangalia kando.

Kilichofungua mambo ni vitu viwili pamoja na nataka mvishike. Moja ni katoni za duka, zile zenye mawimbi ndani. Zirarue vipande vya ukubwa wa kiganja, usiziloweshe, changanya na hilo vumbi la mbao halafu ndio uweke maganda. Yale mawimbi yanabaki na hewa hata rundo likikaliwa na uzito wa juu. Toa gundi ya plastiki na stapo kwanza. Pili ni ukubwa. Taka ilikuwa imegawanywa kwa mapipa madogo, na pipa dogo linapoteza joto haraka kuliko vijidudu vinavyolitengeneza, hata ulipigie maombi. Nikaunganisha yote kwa boksi la paleti 4, mita moja kila upande, na hapo hapo likaanza kupanda. Likifika 55 likikaa hapo siku kadhaa, mbegu za magugu na vijidudu vya magonjwa vingi vinakufa, ndio maana nilikuwa nimeshikilia hiyo namba kama deni.

Vifaa: vile vipimajoto vya jikoni vya mkono mfupi achana navyo, vinakupimia ngozi ya rundo. Tafuta cha sindano ndefu. Kama pesa hakuna, kipande cha chuma cha ujenzi cha D10, ule unene wa milimita 10, kidunge ndani, ngoja dakika kadhaa, chomoa, ukishindwa kukishika uko poa. Zile dawa za chupa za kuanzisha mboji mimi sioni kazi yake, mbolea ya ng'ombe iliyozeeka ndoo moja inatosha. Jembe la meno ndilo jembe, koleo litakuvunja.

Na mnajua kwa nini hii kitu inanikaa rohoni. Dandora, lile jalala la Nairobi, iko hapa tu. Ilifunguliwa 1975, ikatangazwa imejaa 2001, na lori bado zinaingia. Maganda yakizikwa pale chini bila hewa yanatoa methani, ambayo kwa miaka 20 inashika joto karibu mara 80 kuliko hewa ya ukaa. Maganda hayo hayo yakipata hewa kwa boksi la paleti, hiyo methani karibu yote haizaliwi. Kwa hivyo mtu akiniambia tabianchi ni mambo ya wale walioketi KICC Septemba 2023 kwa mkutano wa tabianchi wa Afrika, namwonyesha ndoo yake ya jikoni.

Sasa, mpango ulikuwa joto likishika tupandishe magunia ya spinachi na dania kwa paa. Nimeuweka kando kwanza. Kuna jirani alileta mzani wa kuning'iniza tukaanza kupima ndoo kabla ya kumwaga, tunaandika kwa kitabu, na kile kitabu kimenitoa usingizi. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inataka taka za kuoza zitenganishwe na zile zingine na kaunti zijenge mahali pa kuzichambua. Katiba kifungu cha 42 inakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 inakuruhusu kwenda kortini bila hata kuonyesha kwamba kuna mtu ameumia. Wangari Maathai 1989 akipigania Uhuru Park isijengwe jumba la ghorofa 60 alianza na barua. Sisi tuko na barua na kilo.

Kwa hivyo naandika memoranda ya ukurasa mmoja, Kiswahili, ya kupeleka wakati wa maoni ya bajeti ya kaunti. Ombi moja tu: taka za kuoza za mitaa na masoko zibebwe kando. Kila mlango utatia sahihi. Wewe uliye na ndoo Kayole au Umoja au Mathare, pima wiki mbili tu, andika na idadi ya nyumba, nitumie tuziweke pamoja, wodi ziko 85 na mimi niko kwa moja.

Jumamosi nageuza. Joto likirudi juu ya 55 baada ya kugeuza, ploti ya nyuma wanaanza lao, paleti wameshapata, katoni ndio tunatafuta.