Jinsi nilivyokipata kilichokuwa kinalikaba lori langu

Ukitoka Jinja kwenda Kampala, ukishavuka daraja jipya la Nile, barabara inakuingiza msitu wa Mabira. Humo ndani kuna vilima ambavyo mwenye gari dogo hata havihisi. Mimi navijua kimoja kimoja, kwa sababu lori langu lilinizimikia pale mara nne ndani ya wiki tatu, likiwa na saruji ya kutoka Tororo mgongoni.

Ni Scania 113 ya miaka ya mwanzo ya tisini. Injini ni ya lita 11, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, pampu ya injekta, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye silinda, inazungushwa na gia, hakuna kompyuta popote. Nililinunua likiwa limeshapita mikononi mwa wengine, na tangu siku hiyo naliendesha mwenyewe, Malaba hadi Kampala, mara nyingine Mbarara mpaka Katuna. Watoto wangu wamesoma kwa lori hili. Likiugua, nyumba nzima inajua.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Linaondoka Tororo vizuri, linapita Bugiri, linapita Iganga, linavuta kama kawaida yake. Baada ya saa mbili hivi, nikianza kupanda, nguvu zinaondoka kidogo kidogo. Nakanyaga mafuta mpaka chini, injini haiitiki. Nashusha gia, linatambaa, mwisho linazima. Tunatia jiwe nyuma ya tairi, tanboi, msaidizi wangu wa safari, anakata matawi anayapanga barabarani ili wanaokuja nyuma wajue kuna gari bovu, kisha tunakaa. Zikipita dakika 15 nawasha, linawaka kwa mara moja, linakimaliza kile kilima bila taabu, na mbele kidogo linarudia yaleyale.

Kila fundi aliyeliangalia alitaja pampu. "Pampu imechoka, bosi. Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, pampu iliyolika haiwezi kuisukuma." Niliwaamini kwa sababu jambo hilo lipo: plunja za pampu, vile vijiti vya ndani vinavyosukuma dizeli, zikilika, dizeli ya moto huvujia pembeni, na gari hukosa nguvu likishapata joto. Nikalipeleka karakana moja Kampala. Wakaishusha pampu, wakaweka plunja mpya, wakaipima kwenye mashine, wakabadilisha na nozeli zote sita zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Nikalipa milioni 2 na laki 4. Nikarudi nalo tupu hadi Tororo, halikunisumbua hata kidogo. Safari ya kwanza ya kupakia, Mabira, kilima kilekile, likazima. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikaa kwenye kabini muda mrefu bila kumwambia tanboi neno, nikiwaza ada ya shule ambayo nilikuwa nimemlipa fundi wa pampu.

Tororo kuna mzee ambaye zamani alikuwa akitengeneza injini za dizeli za treni. Gereji yake iko chini ya mwembe, haina hata kibao. Nilimkuta amekaa kwenye ringi ya tairi, nikamsalimia, nikamweleza kila kitu, pamoja na pesa zilizokwisha kwenda. Hakuinuka, wala hakuomba spana. Akauliza, "Mwanangu, likiishiwa nguvu, moshi unatoka rangi gani?"

Sikuwa na jibu. Siku zote nilikuwa natazama kilima na geji ya oili, sikuwahi kutazama bomba la moshi. Tanboi ndiye aliyejibu. "Hautoki, mzee. Bomba linakuwa safi kabisa."

"Basi halikosi hewa," mzee akasema. "Lina kiu."

Nataka nieleze hapa kwa utulivu, maana swali hilo moja lingeniokolea zile milioni. Lori la dizeli likikosa nguvu huku likitoa moshi mweusi, dizeli inafika lakini hewa haitoshi: tazama chujio la hewa, tazama hozi za tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, kama zimepasuka, au nozeli kama zinamwaga dizeli badala ya kuipuliza. Moshi mweupe wakati injini imeshapata moto ni dizeli isiyoungua, au ni maji yanaingia. Wa bluu ni oili. Lakini lori lenye mzigo, limekanyagwa mpaka mwisho, halina nguvu na halitoi moshi, hilo halipati dizeli. Pampu ya injekta haina kosa kama haipewi kitu cha kusukuma.

Mzee akachora mstari mchangani kwa msumari. Tangi. Bomba la kufyonza. Pampu ndogo ya kuvutia, ile yenye kitufe cha kupampu kwa mkono. Filta. Pampu kubwa. Kisha njia ya dizeli inayobaki kurudi tangini. "Tunaanza hapa," akaweka msumari kwenye tangi, "na hatuvuki hatua moja kabla haijajibu."

Tangi lina tundu la kupumulia. Likiziba kwa tope, dizeli ikinyonywa hakuna hewa ya kujaza nafasi yake, na mwisho pampu inashindwa kuvuta. Ukifungua kifuniko wakati lori limezima utasikia hewa inaingia kwa kishindo. Kwangu, kimya. Tukaendelea. Filta tuliikata kwa msumeno, karatasi ya ndani ilikuwa safi. Hapo mzee akamtuma kijana alete kipande cha ule mpira mweupe unaoonyesha ndani, wanaoutumia waashi kupimia levo. Tukaufunga kati ya bomba la kufyonza na pampu ndogo, ili tuone dizeli inavyopita. Kama kuna mahali bomba linaingiza hewa, utaona mapovu yanakimbia humo. Mpira huo ni wa kupimia tu, usiuache kwenye gari, dizeli inaukausha na siku moja utapasuka.

Nililipeleka barabarani na mzigo, mzee kakaa pembeni yangu. Lilipoanza kuchoka tukasimama, tukainua kabini, tukatazama huku injini inazungushwa kwa kasi. Hakukuwa na povu hata moja. Lakini dizeli ilikuwa imekonda, inapita kama uzi, mpira wenyewe umebonyea kidogo kwa kunyonywa. Pampu ndogo ilikuwa inavuta kwa nguvu zake zote na haipewi. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa nyuma ya pale tuliposimama, upande wa tangi.

Jaribio la mwisho lilikuwa jerikeni la lita 20. Tulilijaza dizeli safi, tukalifunga kwa mipira ya baiskeli kwenye chesisi, tukaingiza humo mpira mpya wa kufyonza moja kwa moja hadi pampu ndogo, na ule wa kurudisha tukauelekeza humohumo. Mimi nilitaka kuliweka juu nyuma ya kabini ili lisiguswe na vumbi. Mzee akanikatalia: likikaa juu, dizeli itashuka yenyewe kwa uzito wake, na pampu ndogo iliyo mbovu itaonekana nzima. Liwekwe usawa wa tangi, ili kila kitu kibaki kama kilivyo isipokuwa kile unachokishuku. Nimelitumia neno lake hilo katika mambo mengi tangu hapo.

Kwa jerikeni lile lori lilipanda kila kilima tulichokipata. Halikukohoa.

Tukaifungua hozi ya kutoka tangini. Kwa nje ilikuwa nzima, nyeusi, haina ufa, na nilipoipuliza kwa mdomo hewa ilipita. Ningekuwa peke yangu ningeirudisha. Mzee akachukua kisu, akaipasua kwa urefu. Ndani, kama shibiri moja kutoka mwisho, tabaka la ndani la mpira lilikuwa limebanduka, limening'inia kama ngozi ya lengelenge. Ukilisukuma kwa kidole upande wa tangi linalala. Ukilivuta upande wa pampu linasimama na kuziba njia yote. Ndiyo maana pumzi yangu ilipita: nilipuliza kutoka upande wa pampu.

Kila kitu kikaeleweka. Safari ikiwa ndefu, dizeli inayorudi kutoka kwenye injini hulipasha tangi moto, mpira hulainika. Kwenye kilima chenye mzigo injini hutaka dizeli nyingi, mvuto huongezeka, ile ngozi husimama. Ukizima, mvuto huisha, ngozi hulala, na baada ya robo saa lori huwaka. Likiwa tupu halihitaji dizeli ya kutosha kuisimamisha. Hozi mpya, pamoja na klipu zake, ilikuwa shilingi 45,000. Mzee alikataa nimlipe siku hiyo, akasema nirudi kwanza salama kutoka Kampala. Nilirudi, nikamlipa, na nikambebea gunia la mkaa.

Nikaanza daftari. Kila asubuhi naandika kilomita, oili niliyoongeza, maji niliyoongeza, na rangi ya moshi wakati wa kuwasha na wakati wa kupanda. Mpira wowote wa dizeli au wa hewa naandika siku uliowekwa, na ukishazeeka nautoa hata kama nje unang'aa.

Breki nazo zina sehemu yao kwenye daftari hilo, na hapa nitasema kwa uchungu, kwa sababu nimeona malori yaliyoshindwa kusimama kwenye mteremko wa kutoka milima ya Kigezi, kule Kabale. Asubuhi tunafungua vali za chini za matangi ya hewa. Maji yakitoka ni kawaida, unayamwaga. Oili ikitoka, ringi za kompresa, ile pampu inayojaza hewa, zimekwisha. Kisha najaza hewa mpaka geji zitulie, natia jiwe kwenye tairi mbele na nyuma, naachia breki ya kuegesha, nazima injini, nakanyaga breki dakika nzima bila kuachia. Mimi natazama kama geji inashuka, tanboi anazunguka chini anasikiliza hewa inayovuja, na maji ya sabuni kwenye kopo. Baada ya hapo anachora mstari wa chaki kwenye fimbo ya kila chemba ya breki, ile inayosukumwa na hewa, pale inapotokea. Nikikanyaga, mstari unasogea, naye anapima kwa futi. Ikipita sentimita 4 tunakaza adjasta, mkono unaopunguza mwendo wa fimbo hiyo. Na kama fimbo za tairi za kulia zinasogea tofauti na za kushoto, siondoki mpaka nijue kwa nini. Hiyo kazi inachukua nusu saa. Madereva wenzangu wa Malaba wengine huniona nachelewesha mzigo.

Kabale nako kulinifunza. Nilikuwa nafika kule maji yanachemka na kumwagika, fundi mmoja akasema gaskiti ya silinda hedi, ile inayoziba juu ya silinda, imeungua, tufungue. Safari hii sikukubali haraka. Niliwasha injini ikiwa baridi, rediyeta wazi, nikachungulia: gaskiti ikiwa imeungua, gesi ya silinda hutoa mapovu yasiyokoma. Hayakuwepo. Nikachukua kifuniko cha rediyeta mkononi, nikakibonyeza kwa dole gumba, springi ikaingia kama godoro kuukuu, na raba yake ilikuwa na ufa. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Kifuniko kizima ndicho kinachoyabana yasichemke. Kibovu kinaweza kukuvumilia Tororo na kikakuangusha Kabale. Nilinunua kipya, na hedi haijafunguliwa hadi leo.

Sasa hivi kuna jambo jingine. Nikiegesha jioni matangi ya hewa yamejaa, asubuhi geji moja imelala chini kabisa na nyingine imebaki juu, na nangoja kompresa ijaze upya ndipo springi za breki ya kuegesha ziachie tairi. Kwa vile ni geji moja, uvujaji uko kwenye mzunguko mmoja. Sabuni haikuonyesha kitu kwenye kichwa cha lori. Juzi usiku nililaza na trela limeungwa, ikashuka. Jana nilichomoa mipira ya hewa ya trela, na leo alfajiri geji zote mbili zilikuwa pale nilipoziacha. Mchana huu tanboi yuko chini ya trela na kopo la sabuni, tunaanza na vali ya mbele.