Afrika Kusini 1994: kura bila daftari

Uchaguzi wa Aprili 1994, ule uliohitimisha utawala wa makaburu, haukuwa na daftari la wapiga kura. Yeyote anayejua kazi ya kituo cha kura atashtuka: bila daftari, utamzuiaje mtu asipige kura mara mbili? Na utajuaje upeleke karatasi ngapi wapi?

Tume ya uchaguzi chini ya Jaji Johann Kriegler iliundwa Desemba 1993, ikawa na miezi minne tu ya kuandaa kila kitu. Lakini ufinyu wa muda haukuwa kikwazo pekee. Kuanzia 1976 serikali ya kibaguzi iliwavua uraia mamilioni ya Waafrika kwa kuwahesabu raia wa Transkei, Bophuthatswana, Venda na Ciskei, vijinchi ambavyo dunia haikuvitambua. Vilirudishwa rasmi tarehe 27 Aprili 1994, siku ileile ya kura. Daftari lililotokana na kumbukumbu za serikali hiyo lingeanza kwa kuwaacha nje walewale walionyimwa haki. Kwangu mimi, kuliacha kulikuwa uamuzi sahihi, ingawa gharama yake ilionekana mapema.

Mpiga kura alionyesha kitambulisho. Asiye nacho alipewa kadi ya muda. Kazi ya daftari ikabebwa na wino. Mikono ilimulikwa kwa taa ya urujuanimno, na ikikutwa safi ilipakwa wino usioonekana kwa macho matupu. Kulikuwa na maeneo ambako kidole chenye alama kingemponza mtu njiani akirudi nyumbani, kwa hiyo wino wa kawaida usingefaa. Kisha alipewa karatasi mbili, ya taifa na ya jimbo, kila chama kikiwa na nembo na picha ya kiongozi wake kwa ajili ya wasiojua kusoma. Kati ya kura milioni 19.7, zilizoharibika zilikuwa kama 193,000, yaani asilimia 1 hivi. Kwa umma ambao sehemu kubwa yake haikuwahi kushika karatasi ya kura, hilo ni jambo la kujivunia.

Tabu kubwa ilitoka kwa Inkatha. Chama hicho cha Mangosuthu Buthelezi kiligoma mpaka tarehe 19 Aprili, wiki moja kabla. Wasuluhishi mashuhuri, Henry Kissinger na Lord Carrington, walikuwa wameshaondoka mikono mitupu. Aliyebaki akazungumza na Buthelezi hadi akakubali ni Profesa Washington Okumu wa Kenya. (Jina lake linastahili kutajwa zaidi huku kwetu.) Lakini karatasi zilikuwa zimeshachapwa Uingereza, mamilioni kwa mamilioni. Ikabidi vichapwe vibandiko vyenye jina la Inkatha, vibandikwe kwa mkono chini ya orodha, karatasi moja baada ya nyingine.

Vituo vingine vibandiko havikufika kwa wakati, vingine karatasi zenyewe ziliisha. Hapo ndipo pengo la daftari lilipouma: mtu aliruhusiwa kupiga kura kituo chochote, hivyo hakuna aliyeweza kukadiria watu watakaofika mahali fulani. Tume ikalazimika kuongeza siku, tarehe 29, katika baadhi ya maeneo ya vijijini.

Kuhesabu nako kulikuwa na mtihani. Tarehe 3 Mei iligundulika kwamba mtu ameingilia kompyuta za kujumlishia na kuongezea vyama vitatu kura. Tume ikasimamisha kazi, ikajumlisha upya kwa mkono.

ANC ilipata asilimia 62.65, viti 252 kati ya 400. Kiti kimoja kilikuwa na thamani ya wastani wa kura 48,800, wala hapakuwa na kiwango cha chini cha kuingia bungeni, ndiyo maana chama cha ACDP kilipata viti 2 kwa kura 88,000 tu.

Uchaguzi uliofuata, wa 1999, ulikuwa na daftari: majina zaidi ya milioni 18.